Kutazama na Kutaja: Shahada ya Historia ya Sanaa na Mwanafunzi wa Kiswahili

Tarehe 30 Januari 2014, Rais Barack Obama wa Marekani alizuru kiwanda kimoja mjini Waukesha, jimbo la Wisconsin. Katika hotuba yake aliwaambia vijana kwamba mtu aliyejifunza ufundi wa viwandani huenda akachuma zaidi ya mwenye shahada ya historia ya sanaa. Hakukusudia kukejeli, na papo hapo aliongeza kwamba shahada hiyo haina ubaya wowote. Hata hivyo, kauli yake iliwachoma wengi. Mwalimu mmoja wa somo hilo katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin alimwandikia kulalamika. Rais alimjibu kwa barua aliyoiandika kwa mkono wake, akaomba radhi na kukiri kwamba historia ya sanaa ilikuwa miongoni mwa masomo aliyoyapenda sana alipokuwa shule ya upili.

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Swali la "utafanya kazi gani na hiyo?" amelisikia katika matatu, amelisikia arusini na, ikiwa ana bahati mbaya zaidi, amelisikia kutoka kwa mjomba anayemlipia karo. Kwa hiyo huenda shahada ya historia ya sanaa, inayoonekana kuwa ya mbali na ya kigeni, ikawa jirani yake kuliko anavyodhani. Makala haya yanafafanua shahada hiyo ni nini, husomwa vipi, imemwacha nani nje, na kwa nini Kiswahili kina haki na deni ndani yake.

Taaluma na chimbuko lake

Wengi hudhani kwamba anayesomea historia ya sanaa hufundishwa kuchora. La hasha. Kuchora, kuchonga na kufinyanga hufundishwa katika shule za sanaa. Mwanahistoria wa sanaa anaweza kumaliza miaka yake yote chuoni bila kushika brashi hata siku moja, sawa na mhakiki wa riwaya asiyelazimika kuandika riwaya. Kazi yake ni kuvitazama vitu vilivyotengenezwa kwa mkono na fikra za binadamu, viwe picha, majengo, vyungu, nguo, vito au maandishi ya khati, kisha kueleza vimeundwa vipi, vilitokana na nini, na vilieleweka vipi na watu waliovitumia.

Aghalabu chimbuko la taaluma hii huanzishwa na Giorgio Vasari, mchoraji wa Kiitaliano aliyechapisha mwaka 1550 mkusanyo wa maisha ya wasanii wa nchi yake. Vasari alisimulia watu. Mjerumani Johann Joachim Winckelmann, katika kitabu chake cha mwaka 1764 kuhusu sanaa ya kale, aliugeuza mkazo huo na kusimulia mitindo: namna umbo linavyozaliwa, linavyokomaa na linavyofifia. Vyuo vya Kijerumani vikaipokea taaluma hiyo mapema. Göttingen kilikuwa na profesa wake mwaka 1813, na Berlin mwaka 1844. Uingereza ilijikokota. Taasisi ya Courtauld mjini London, iliyokuja kuwa kitovu cha somo hili nchini humo, ilifunguliwa mwaka 1932 tu. Mwaka uliofuata maktaba mashuhuri ya Warburg ikapakiwa melini kutoka Hamburg hadi London ili kuukwepa utawala wa Hitler.

Mwaka huo huo wa 1933 Erwin Panofsky, Myahudi aliyekuwa profesa mjini Hamburg, alifutwa kazi na hatimaye akahamia Marekani. Kisa chake kina uzito wa pekee kwa mtu wa lugha. Taaluma aliyoibeba ilikuwa imefikiriwa na kuandikwa kwa Kijerumani kwa kiasi kikubwa, na Kiingereza hakikuwa na istilahi zake. Ilibidi zitafutwe. Panofsky mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba kulazimika kuandika kwa Kiingereza kulimfanya aseme waziwazi mambo ambayo Kijerumani kilimruhusu kuyafumba. Yaani hata lugha inayotajwa leo kuwa ndiyo pekee inayoweza kubeba elimu ya juu iliwahi kusimama mlangoni mwa taaluma hii ikiwa mikono mitupu.

Miaka mitatu ya kutazama

Nchini Uingereza shahada hii huchukua miaka mitatu, na huko Scotland na Marekani huchukua minne. Mwaka wa kwanza huwa na kozi ya jumla inayopitia karne nyingi kwa haraka. Kwa miongo mingi mhadhara wa kawaida ulifanyika gizani, slaidi mbili zikiwa zimeangazwa ukutani bega kwa bega. Heinrich Wölfflin, Mswisi aliyefundisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, alisifika kwa mbinu hiyo ya kulinganisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alionyesha kwamba wachoraji wa karne ya 16 waliuona ulimwengu kwa mistari na mipaka, ilhali wa karne ya 17 waliuona kwa mabaka ya mwanga na kivuli. Msomaji aliyewahi kuzichambua tenzi mbili za vipindi tofauti akitumia elimumitindo hatashangaa.

Zoezi linalowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni maelezo. Mwanafunzi husimamishwa mbele ya kitu kimoja na kutakiwa akieleze kilivyo, bila kusema kuwa kinapendeza na bila kukimbilia maana yake. Mstari unaelekea wapi? Mwanga unatoka upande gani? Jicho linaanza kutazama wapi na linatulia wapi? Kitu kimetengenezwa kwa nini, na chombo gani kimeacha alama juu yake? Anayedhani kuwa hilo ni jambo jepesi na ajaribu kukieleza kikombe chake cha chai kwa kurasa mbili. Atagundua upesi kwamba macho yake hayakuwa yakitazama, na kwamba maneno yake ni machache kuliko alivyodhani.

Baada ya hapo huja mbinu. Giovanni Morelli, Mwitaliano aliyesomea utabibu, alishauri katika karne ya 19 kwamba anayetaka kujua ni nani aliyechora picha isiyo na jina asitazame nyuso, kwa kuwa nyuso huigwa. Atazame masikio na kucha, mahali ambapo mkono wa mchoraji hujiendea wenyewe bila kufikiri. Hoja hiyo ingewafaa sana wanaobishana kuhusu tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo.

Panofsky naye alipendekeza ngazi tatu za kusoma kazi ya sanaa, nazo hueleweka upesi kwa mfano wa leso, au kanga. Katika ngazi ya kwanza mtazamaji huona kitambaa cha mstatili chenye rangi mbili au tatu, umbo fulani la mviringo lililopinda ncha, na mstari wa maandishi. Katika ngazi ya pili hujua kwamba ukingo huo huitwa pindo, uwanja wa kati huitwa mji, maandishi ndiyo jina, na umbo lile ni korosho. Katika ngazi ya tatu huuliza ni jamii ya namna gani iliyomkabidhi mwanamke kitambaa ili kisemee hadharani yale ambayo kinywa chake kingeona aibu kuyatamka. Izingatiwe kwamba ngazi ya pili haipandiki bila lugha. Asiyejua neno "mji" huona katikati ya kitambaa tu. Anayelijua huona kwamba watengenezaji na watumiaji walikifikiria kitambaa hicho kama mahali penye mipaka na wenyeji.

Mwaka wa pili na wa tatu mwanafunzi huteua maeneo yake, huingia katika nyaraka, na mara nyingi hulazimika kujifunza lugha nyingine. Anayesoma sanaa ya Renesansi hujifunza Kiitaliano, na anayesoma sanaa ya Kiislamu hujifunza Kiarabu au Kiajemi. Tasnifu fupi huhitimisha yote. Katika safari hiyo yote wahadhiri wazuri hurudia onyo moja: picha ya kitu si kitu chenyewe. Slaidi huufanya msikiti na pete kuwa na ukubwa mmoja ukutani. Haina uzito, haina harufu, wala haina mgongo wa kugeuziwa.

Mlango mmoja

Ili kuona mbinu hizi zikifanya kazi, chukua mlango mmoja wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, au katika mtaa wa Lamu. Mgeni huona mlango mzuri. Mwanafunzi wa historia ya sanaa huanza kwa kuutenganisha sehemu zake. Pande mbili zimesimama miimo. Juu na chini vimelazwa vizingiti. Mbao mbili hufunguka kuelekea ndani, na katikati yake umesimama mfaa, aghalabu ukiwa umechongwa kwa ustadi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kisha yapo mapambo: waridi, yungiyungi, magamba ya samaki, mawimbi, mnyororo unaozunguka ukingo, na pengine misumari mikubwa ya shaba yenye ncha.

Hapo ndipo watembezaji wa watalii huingia na hadithi zao. Huelezwa kwamba mnyororo humaanisha kuwa mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa, kwamba samaki ni uzazi, na kwamba misumari iliwekwa ili kuwazuia tembo. Hadithi hizi ni tamu na watalii hurudi nazo kwao. Mwanahistoria wa sanaa hazikatai kwa dharau, lakini huuliza maswali yenye kukera. Ni nani aliyesema hivyo kwanza, na lini? Je, upo waraka wa mchongaji au wa mwenye nyumba unaothibitisha? Kama mnyororo ni alama ya utumwa, mbona nakshi za kusokotana namna hiyo huonekana katika sanaa za nchi nyingi, hata pasipo na uhusiano wowote na biashara hiyo? Na tembo gani aliyewahi kuvamia vichochoro vya Mji Mkongwe? Misumari hiyo ilikuja na mtindo wa milango ya Bara Hindi, ambako inasemekana iliwahi kuwa na kazi hiyo ya kivita. Ilipovuka bahari ilikuwa imekwisha kugeuka pambo na dalili ya ukwasi.

Ushahidi hutafutwa kwingine. Hutazamwa mti, kwa kuwa mbambakofi ni wa huku na msaji uliletwa kutoka ng'ambo. Hutazamwa umbo la kizingiti cha juu. Milango yenye kizingiti kilichonyooka ni ya mtindo uliotangulia, na ile yenye tao la mviringo hushuhudia zaidi ladha ya Kihindi iliyoenea Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kulijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Husomwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya mlango, ambayo mara nyingine hutaja mwaka wa Hijria. Hata hapo pana mtego. Mwaka wa 1300 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 na kumalizika mwanzoni mwa Novemba 1883, na anayeandika mwaka mmoja tu wa Miladia bila kufikiri anaweza kukosea. Kwa njia kama hizi watafiti, akiwemo Judith Aldrick aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1990, wameweza kuipanga milango ya pwani katika makundi na vipindi.

Fasihi nayo huitwa kutoa ushahidi, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili hugeuka kutoka mgeni hadi mwenyeji. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Zilikuwa za nini? Miongoni mwa mashahidi wanaotajwa sana ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Humo mshairi anayaomboleza majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, na anaeleza kwamba madaka yaliyowekwa vyombo vya thamani yamekuwa makao ya ndege. Ushahidi huo una thamani kubwa. Lakini utenzi huo ni wa mawaidha. Mshairi anataka kuionyesha nafsi yake ubatili wa dunia, na katika jadi hiyo ya utunzi jumba lililoachwa mahame ni taswira iliyozoeleka. Kipi basi alikiona kwa macho, na kipi alikirithi kutoka katika fani? Msomi wa sanaa asiyejua Kiswahili cha kale atauchukua ubeti mzima kama picha ya kamera. Mhakiki wa fasihi asiyewahi kuingia katika nyumba ya Lamu atauchukua wote kama tamathali. Swali hilo lingejibiwa vyema na mtu mwenye mafunzo ya pande zote mbili, na ni nadra kumpata.

Waliomo na waliosahaulika

Haitakuwa haki kuisifu shahada hii bila kutaja aibu zake. Kitabu cha H. W. Janson kilichochapishwa mwaka 1962, kilichowalea wanafunzi wengi wa Marekani, hakikuwa na msanii mwanamke hata mmoja katika matoleo yake ya awali. Mwaka 1971 Linda Nochlin aliandika insha iliyouliza kwa nini hapakuwepo wasanii wakuu wa kike. Jibu lake halikuwa kutafuta majina yaliyosahaulika pekee. Alionyesha jinsi milango ya vyuo, vya karakana na ya ufadhili ilivyofungwa. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Yale kilitangaza kwamba kingeacha kufundisha kozi yake maarufu iliyoanzia Renesansi na kuja hadi leo. Walimu wake walitoa hoja kwamba hapana kozi moja inayoweza kuitwa utangulizi wa sanaa ya ulimwengu ilhali imejikita Ulaya. Ukazuka mzozo mkali magazetini. Wanaokumbuka mjadala ulioanzishwa Nairobi mwaka 1968 na Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake kuhusu idara ya Kiingereza watauona mzozo wa Yale kuwa wa jana.

Afrika iliingia kwa kuchelewa. Mmarekani Roy Sieber alipopata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1957 kwa utafiti wa sanaa ya Kiafrika, alikuwa wa kwanza nchini mwake kufanya hivyo katika taaluma hii. Kabla ya hapo, vitu vya Waafrika viliachiwa wanaanthropolojia. Hata vilipokaribishwa, vilivyopendwa ni vinyago vya Afrika Magharibi na Kongo. Pwani ya Waswahili, yenye sanaa iliyojikita katika nyumba, khati, nguo na vyombo vilivyotoka ng'ambo, haikulingana na picha iliyokuwa vichwani: kwa mtafiti wa sanaa ya Kiafrika ilionekana ya Kiarabu mno, na kwa mtafiti wa sanaa ya Kiislamu ilionekana ya Kiafrika mno. Hali hiyo imebadilika kwa kiasi. Kitabu cha Prita Meier kuhusu miji ya bandari ya Waswahili kilitoka mwaka 2016. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili, aliyoyaandaa pamoja na Allyson Purpura, yalifunguliwa jimboni Illinois, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka Kenya na Oman.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali pa kwanza pa kutajwa ni Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Trowell alitaka wanafunzi wake wachore kutokana na hadithi na mazingira yao. Cecil Todd, aliyemrithi, alitilia mkazo historia ya sanaa ya Ulaya. Mvutano wa wawili hao haujaisha. Nchini Kenya historia ya sanaa aghalabu hufundishwa kama kozi chache ndani ya shahada ya sanaa, zikiwa za kumsaidia mchoraji. Kijana anayetaka kuisoma kama taaluma inayojitegemea hana budi kutazama ng'ambo, na ng'ambo ni ghali.

Kuhusu kazi, ukweli ni kwamba nafasi zenye jina la taaluma hii ni chache hata huko Ulaya. Wahitimu huenda katika makumbusho, minada, uchapishaji, ualimu, uhifadhi wa majengo, na wengi zaidi katika kazi zisizohusiana nayo. Nchini Uingereza somo hili limehusishwa kwa muda mrefu na watoto wa matajiri, na mwaka 2016 bodi ya mitihani iliyokuwa ikilitahini katika kiwango cha A ilitangaza kuliondoa, kabla ya bodi nyingine kuliokoa. Mjomba wa matatizo ya karo ana hoja.

Vigango, kadi na majina

Lakini kuna upande ambao mjomba hajauona. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia jamaa zake waliofariki. Muda si muda vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, katika kongamano la taaluma za Kiafrika nchini Marekani, mtafiti Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja jimboni Illinois. Udvardy, aliyekuwa ukumbini, akakitambua kimoja. Picha mbili, bega kwa bega: mbinu ya Wölfflin, ila safari hii mbele yake palikuwa na familia iliyofiwa mara mbili. Ufuatiliaji ukaanza, na mwaka 2007 vigango hivyo vikarejeshwa kwa jamaa hiyo. Makumbusho ya Denver nayo yalitangaza mwaka 2014 kuviachilia vigango 30, na vikafika Kenya mwaka 2019.

Kazi ya kufuatilia kitu kilitoka kwa nani, kikapita mikononi mwa nani na kwa bei gani, ni sehemu ya mafunzo ya mwanahistoria wa sanaa. Bénédicte Savoy, aliyeandika pamoja na Msenegali Felwine Sarr ripoti ya mwaka 2018 iliyoishauri Ufaransa irejeshe mali za Waafrika, ni mwanahistoria wa sanaa. Kwa upande wetu, mradi uliowashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani, na kuonyeshwa Nairobi mwaka 2021, ulikusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Kimojawapo ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwekwa katika Makumbusho ya Uingereza.

Kila kimoja cha vitu hivyo kina kadi yake, na kwenye kadi kuna mahali pa jina. Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa zito. Tuseme mfasiri anataka kuandika kwa Kiswahili kwamba kigango ni "sanamu". Neno hilo limetokana na neno la Kiarabu la mungu wa kuchongwa anayeabudiwa, na harufu yake haijatoka. Kukiita kigango sanamu ni kumhukumu mwenyewe kabla hajasikizwa, kwa kuwa kwake yeye si kitu cha kuabudiwa wala si pambo, bali ni marehemu aliyepewa mahali pa kusimama. Neno "sanaa" nalo, ingawa linafanana na "sanamu" masikioni, lina mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza kwa ustadi. Mzizi huo haubagui seremala na mchoraji. Kwa hiyo Kiswahili kina neno linaloweza kuubeba mlango, leso, chungu na picha bila kuviweka katika madaraja ambayo Ulaya ilichukua karne kadhaa kuyajenga na sasa inahangaika kuyabomoa. Ni kinaya kwamba vijana wa leo wamelichukua neno hilo, wakaunda "usanii" na kulipa maana ya ulaghai.

Istilahi nyingine hazina budi kuundwa au kufufuliwa. Fasihi imekwisha kutukopesha mtindo, fani, maudhui, taswira na mandhari, na mikopo hiyo hutosha kwa mwanzo. Kinachokosekana ni maneno ya jicho lenyewe: namna ya kutaja mpito kutoka mwanga hadi giza, kina cha picha, au uzito wa mstari. Baadhi ya maneno ya namna hii yanaweza kupatikana kwa watu ambao kamati za istilahi hazijazoea kuwaalika, yaani mafundi. Mchongaji wa Lamu ana jina la kila patasi na la kila mkato unaotokana nayo. Mshona kofia ana majina ya nakshi zake, na mkeka una maneno ya ukili, ya rangi na ya mshono. Kamusi zetu zimenasa mfaa na mwimo. Nakshi zinazochongwa juu ya mfaa huo, moja moja, kwa majina zinazoitwa karakanani, hazijanaswa kwa ukamilifu, na wanafunzi wanaojifunza kwa fundi hupungua kila kazi nyingine inapolipa vizuri zaidi.

Kazi kama hiyo haihitaji kusubiri idara mpya wala ufadhili wa ng'ambo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu likizoni akiwa na daftari, kamera na futi ya kupimia. Aichague milango kumi. Aipime, aichore kwa mkono hata kama mkono wake ni mzito, ayanakili maandishi yaliyo juu yake, na aulize kwa mwenye nyumba uliwekwa lini na na nani. Kisha aende akakae kwenye karakana, amwonyeshe fundi picha hizo moja baada ya nyingine na kuandika anachokiita kila kitu, pamoja na pale ambapo mafundi wawili wanapingana.